Picha ya Kifua na Mashine Iisomayo

Somo letu la leo ni historia, lakini ni historia inayohusu kifua chako wewe.

Ukitoka hapa Makumira kwa barabara ya Moshi, ukapinda Boma Ng'ombe kuelekea Sanya Juu, utafika Kibong'oto. Hapo pana hospitali ya kifua kikuu tangu mwaka 1926. Siku zile dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huu haikuwapo. Mgonjwa alipewa chakula, mapumziko na hewa safi. Wengine walipona, wengine hawakupona.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen alivumbua eksirei. Daktari akaweza kuona ndani ya kifua bila kisu. Lakini picha ni kama barua: haina faida pasipo mtu ajuaye kuisoma. Nanyi mnajua taabu ya kupokea barua usiyoweza kuisoma! Mabingwa wa kusoma picha hizi ni wachache, na wengi wao wako mijini.

Kwa hiyo wataalamu wakatengeneza programu ya kompyuta yenye akili mnemba. Je, inajifunzaje? Mkulima aliyechambua kahawa misimu mingi huitambua punje mbovu upesi. Vivyo hivyo, kompyuta huonyeshwa maelfu ya picha za wagonjwa na za wazima, mpaka itambue alama za ugonjwa. Kisha, ikipewa picha yako, hutoa namba. Namba ikiwa kubwa, shaka ya ugonjwa ni kubwa.

Programu moja ya namna hii ilijaribiwa hapa Tanzania, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Watu 861 walipimwa. Makohozi yao yalipooteshwa maabara, 194 walionekana wana kifua kikuu. Katika kusoma picha, mashine ilimshinda tabibu, lakini haikumfikia bingwa. Tena ilikosea zaidi kwa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu hizi zitumike kuchunguza watu wa miaka 15 na zaidi.

Basi shikeni jambo hili: namba ya mashine si hukumu. Ikiwa kubwa, usikate tamaa. Makohozi yapimwe kwanza. Ikiwa ndogo nawe bado unakohoa, usirudi nyumbani ukanyamaza, mwambie mganga. Mashine huona picha tu. Haijui kwamba unatoka jasho usiku, wala kwamba umekonda. Hayo wayajua wewe.

Ukikohoa wiki mbili, nenda kituo cha afya. Siku hizi dawa ipo, nayo hutolewa bure. Ukiitumia miezi yote uliyoagizwa, kwa kawaida utapona.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini picha ya eksirei inafanana na barua?
2. Mashine hujifunzaje?
3. Jirani yako amepewa namba ndogo, naye bado anakohoa. Utamshauri nini?