Fumbo la Kanga na Jina Bandia

Mwanamke wa Mombasa au Unguja aliyetaka kumpa jirani yake neno zito hakulazimika kufungua mdomo. Alikwenda dukani, akachagua kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", akajitanda, akapita taratibu mbele ya baraza la mwenziwe. Jirani alisoma, akaelewa. Na kama angethubutu kuuliza, "Unanisema mimi?", jibu lilikuwa tayari: maneno haya yamechapwa kiwandani, mji mzima unayavaa, wewe kimekuuma nini?

Kanga ilizaliwa pwani katika nusu ya pili ya karne ya 19. Wanawake walinunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na wafanyabiashara, wakavishona sita pamoja vikawa nguo moja. Jina la leso, linalotumika hadi leo Mombasa, limetokana na neno la Kireno la vitambaa hivyo. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alifungua duka Mombasa, na ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa desturi ya kuchapa methali na mafumbo kwenye nguo hiyo. Maneno yalichapwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kilatini. Watu wa pwani wakayaita maneno hayo "jina" la kanga.

Jina hilo halikuwa la mtu. Hapo ndipo ilipokaa kanuni ya desturi nzima: msemaji alionekana, msemwa hakutajwa. Aliyejitanda kanga ya kijembe alijulikana ni nani, ni binti wa nani, anakaa nyumba gani. Kilichositirika ni jina la aliyelengwa, na stara hiyo ilimwachia nafasi ya kujifanya hakusoma, au kwenda dukani na yeye kutafuta kanga ya kujibu. Ugomvi uliweza kuendelea miezi kadhaa bila tusi moja kutamkwa mbele ya watoto.

Washairi nao walikuwa na kanuni iliyokaribia hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijibizana kwa mashairi na wapinzani wa mji wake katika zama ambazo Wamazrui, watawala wa Mombasa, walikuwa wakivutana na Sayyid Said, Sultani wa Oman. Mashairi yalifumbwa, lakini mfumbaji alijulikana. Baadaye, magazeti yalipoanza kuchapisha mashairi na barua za wasomaji, washairi walijipa lakabu: Mahmoud Hamdouny alikuwa "Jitu Kali", Amiri Sudi Andanenga alikuwa "Sauti ya Kiza". Lakabu hizo hazikuwa maficho. Msomaji aliyefuatilia ukurasa wa mashairi alijua nyuma ya kila lakabu yupo nani. Hata aliyeomba jina lake lisichapishwe alimwachia mhariri jina na anwani yake. Tanzania, chini ya Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976, kashfa ikichapishwa, wa kufikishwa mahakamani walikuwepo: mhariri, mchapishaji na mwenye mtambo.

Jukwaa la taarabu lilipaza sauti ya desturi hii. Miaka ya 1990, Dar es Salaam ilijaa mashabiki wa pande mbili: Tanzania One Theatre na mwimbaji wake Khadija Kopa, Muungano Cultural Troupe na mwimbaji wake Nasma Khamis. Mipasho ikawa mchezo wa mji mzima. Waliofika ukumbini wanakumbuka kuwa nusu ya vita ilipiganwa chini ya jukwaa. Ubeti uliomgusa mtu ukifika, mwanamke alinyanyuka na noti mkononi, akacheza kuelekea kwa mwimbaji kumtunza, na njiani akamtupia jicho hasimu wake aliyekaa meza ya tatu. Hakutaja jina. Ukumbi wote ulijua.

Na umbea ulipovuka mpaka, kulikuwa na kusuta. Mwanamke aliyezushiwa jambo aliwakusanya mashoga zake, pengine wakavaa sare, wakachukua ngoma au matarumbeta, wakafululiza hadi mlangoni kwa mzushi. Maswali yalikuwa machache na mazito: ulisema nini, ulimwambia nani, nani shahidi wako? Anayesuta alitakiwa aje na aliyesikia, maana kusuta bila shahidi kulimgeukia mwenyewe. Majirani walitoka kusikiliza, na mzushi alijibu mbele yao au alinyamaza mbele yao.

Kusuta kulikuwa na ukatili wake. Wapo walioaibishwa bila hatia, wapo waliopigana hadi mjumbe wa nyumba kumi akaitwa, na mwanamke asiye na mashoga wengi alikuwa mnyonge hata kama haki ilikuwa yake. Hata hivyo utaratibu ule ulijengwa juu ya jambo moja la msingi: neno lina mwenyewe, na mwenyewe anaweza kufuatwa hadi mlangoni.

Intaneti iligeuza mpangilio huo juu chini. Mtu sasa anaweza kufungua akaunti asubuhi kwa jina la uongo na picha ya maua, akamtaja mwanafunzi, mwalimu au mke wa mtu kwa majina yake yote matatu, akaweka picha yake na namba yake ya simu, na jioni akaifuta akaunti. Msemaji amefichika, msemwa yuko uchi. Anayetukanwa hana mlango wa kwenda kugonga. Hana kanga ya kujibu. Na waliosoma hawakai mtaa mmoja naye kiasi cha kumjua na kusema, "Huyu binti tunamfahamu, hayo ni uongo."

Lakini pazia lilelile linalomficha msemaji limewafaa watu wema. JamiiForums, jukwaa la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2006, ilipata heshima Tanzania kwa sababu mtumishi wa ofisi ya umma aliweza kueleza wizi alioushuhudia bila kupoteza kazi. Ukiling'oa pazia kwa wote, unamng'oa na huyo. Hapa ndipo sheria za Afrika Mashariki zilipojikwaa.

Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, nayo ikaanza kutumika Septemba mosi mwaka huo. Kifungu cha 23 kinamhusu moja kwa moja anayemtumia mwenzake ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumsababishia maumivu ya moyo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni kifungu ambacho binti anayetukanwa kila usiku kwenye simu yake angeweza kukishika kama fimbo.

Kesi iliyoitangaza sheria hiyo duniani ilihusu kitu kingine. Polisi walitaka taarifa za watumiaji wa JamiiForums walioandika tuhuma dhidi ya makampuni. Mkurugenzi wake, Maxence Melo, alikataa kuzitoa. Alikamatwa Desemba 13, 2016, na Aprili 8, 2020 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja. Hakutuhumiwa kumtukana mtu. Kosa lake lilikuwa kulinda majina, kama mhariri wa zamani alivyoyalinda.

Uganda iliadhibu kinyume chake. Msomi Stella Nyanzi aliandika Facebook mwaka 2018, kwa jina lake mwenyewe, shairi kali kuhusu Rais Museveni na mama yake mzazi. Agosti 2019 alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kumbughudhi rais mtandaoni, kisha Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikafuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Rais ana walinzi, ana mawakili na ana redio ya taifa. Sheria ya kuwakinga wanyonge ilitumika kumkinga yeye.

Kenya imepita njia ndefu zaidi. Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichotumika kuwakamata watu kwa maneno ya mitandaoni, akisema hakieleweki na kinawabana watu kupita kiasi. Sheria mpya ya mwaka 2018 ilipandisha adhabu ya kumbughudhi mtu mtandaoni hadi faini ya shilingi milioni 20 za Kenya au kifungo cha miaka 10. Lakini ndani yake mna kipengele kimoja cha busara: anayeonewa anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya kumkomesha mtesi wake, na mahakama inaweza kuiamuru kampuni ya mawasiliano imtaje mwenye laini au akaunti hiyo.

Kipengele hicho ndicho kinachokaribia kusuta. Kuna mlalamikaji mwenye jina, kuna maneno yaliyosemwa, kuna shahidi, na kuna hakimu kati ya mlalamikaji na pazia, ambaye kusuta hakukuwa naye. Jina linafunuliwa kwa ajili ya shauri moja, kwa sababu mtu mmoja ameumizwa. Hiyo ni tofauti kubwa na polisi kuandika barua wakitaka majina ya kila aliyegusa maslahi ya tajiri.

Nyenzo zipo. Tanzania ilianza kusajili laini za simu mwaka 2009, na kufikia Januari 2020 kila laini ilitakiwa iwe imesajiliwa kwa alama za vidole. Mtesi anayejiona hajulikani ameacha kidole chake mahali. Wabunge wa Tanzania wana kazi ya kuandika waziwazi kwamba jina la mtumiaji litatolewa kwa amri ya mahakama tu, na kwamba anayefichua wizi wa mali ya umma hatahesabiwa pamoja na anayemtesa mwanafunzi. Na binti anayetukanwa leo asifute ujumbe kwa aibu. Apige skrinishoti zenye tarehe na saa, ahifadhi namba na jina la akaunti, amwambie mtu mzima anayemwamini, na aende naye kituo cha polisi akikitaja kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao.