Deni Lililopitwa na Muda: Limekufa au Limelala?

Mwislamu wa Lukuledi au Newala aliyekopa unga wakati wa njaa kwa ahadi ya kulipa korosho, kisha miaka kumi ikapita bila kudaiwa, huambiwa kuwa deni limekufa.

Sheria ya Ukomo ya 1971 humpa mdai wa mkataba miaka 6 kufika mahakamani. Kabla yake Tanganyika ilitumia sheria ya India ya 1908. Waislamu nao waliwahi kuweka ukomo. Masultani wa Kiothmani waliwazuia makadhi kusikiliza madai yaliyolala miaka 15, kwa kuchelea hila na hati za kughushi. Ibn Abidin wa Damascus (aliyefariki 1836) akabainisha: kinachozuiwa ni kusikilizwa dai, si haki yenyewe. Majalla (1869–1876) nayo, kifungu cha 1674, ikathibitisha kuwa mdaiwa akikiri mbele ya kadhi, muda uliopita haumsaidii kitu. Na Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa hata shahidi husamehewa yote isipokuwa deni.

Je, ahadi yenyewe? Kwa madhehebu ya Shafii, unga kwa korosho kwa kungoja ni riba, maana vyote ni chakula (salam ya fedha taslimu, yenye masharti yake, ni jambo jingine). Mkataba hubatilika, lakini aliyekula unga hurejesha mfano wake, si korosho. Mdai akiwa amefariki, warithi wake ndio hulipwa. Asiye na kitu hungojwa, kama ilivyo katika al-Baqara, aya ya 280.