Simu za mkononi na nyuki: Ukweli uko wapi?

Na Mwandishi Wetu

KWA miaka mingi imekuwa ikidaiwa kwamba mionzi ya simu za mkononi na minara yake ndiyo inayowamaliza nyuki duniani. Dai hilo si la kupuuzwa, kwani wataalamu wanaeleza kuwa takriban robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, uchavushaji unaofanywa na nyuki na viumbe wengine. Hata hivyo, anayefuatilia chimbuko la dai hilo atabaini kuwa liliegemea utafiti ambao haukuhusu simu za mkononi hata kidogo.

Yote yalianza mwishoni mwa mwaka 2006, pale mfugaji nyuki wa Marekani, David Hackenberg, alipokagua mizinga yake katika jimbo la Florida na kukuta nyuki wafanyakazi wametoweka. Malkia, majana na asali vilikuwemo, lakini mizoga haikuonekana ndani wala nje ya mizinga. Muda si mrefu wafugaji wengine nchini humo wakatoa taarifa kama hiyo, baadhi yao wakipoteza kati ya asilimia 30 na 90 ya makundi yao.

Wakati wanasayansi wakihangaika kutafuta sababu, Aprili 2007 gazeti la The Independent la Uingereza lilichapisha habari iliyohoji iwapo simu za mkononi ndizo zinazowaangamiza nyuki. Habari hiyo ilienea duniani kote kwa siku chache. Mara nyingi iliambatana na usemi kwamba nyuki wakitoweka binadamu atabakiwa na miaka minne tu ya kuishi, usemi ambao hupachikwa jina la Albert Einstein ingawa hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuutamka.

Utafiti uliotajwa ulifanywa katika Chuo Kikuu cha Koblenz-Landau, Ujerumani, na kundi lililowajumuisha Jochen Kuhn na Hermann Stever. Watafiti hao waliweka ndani ya mizinga vitako vya simu za nyumbani zisizo na waya, ambavyo hurusha mawimbi muda wote. Walibaini kuwa nyuki waliorejea mizingani walikuwa wachache, na masega yalikuwa mepesi kuliko ya mizinga isiyo na vifaa hivyo. Lakini makundi yaliyochunguzwa yalikuwa machache mno, na watafiti wenyewe walijitokeza kueleza kuwa kazi yao haikuhusu simu za mkononi wala kutoweka kwa nyuki wa Marekani.

Hiyo haina maana kwamba suala lenyewe halina msingi wa kuchunguzwa. Nyuki ana chembechembe za madini ya chuma tumboni, na imethibitika kuwa anaweza kuhisi usumaku wa dunia, jambo linaloaminika kumsaidia kujua mwelekeo. Ndiyo maana tafiti nyingine zilifuata.

Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Panjab, India, waliweka simu za mkononi kwenye mizinga na kuripoti kuwa malkia walipunguza kutaga mayai na akiba ya asali ikashuka. Hata hivyo, makundi yote yaliyohusika yalikuwa manne tu. Mwaka uliofuata, Daniel Favre wa Uswisi alirekodi sauti za nyuki baada ya kuweka ndani ya mzinga simu zilizokuwa zikiwasiliana. Baada ya dakika 25 hadi 40 nyuki walianza kutoa mlio ambao kwa kawaida huashiria kusumbuliwa au maandalizi ya kuhama, lakini hawakuhama.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Hohenheim, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa malkia waliokuzwa karibu na simu walianguliwa kwa idadi ndogo zaidi, ingawa waliofanikiwa kutoka walipandwa kama kawaida.

Jambo linaloziunganisha tafiti hizo ni umbali. Katika zote, chombo kiliwekwa ndani ya mzinga au karibu nao mno. Nguvu ya mawimbi ya redio hupungua haraka kadiri yanavyosafiri: katika eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Kwa hiyo, kinachotokea simu ikiwa juu ya sega hakiwezi kuchukuliwa moja kwa moja kuwa ndicho kinachotokea mnara ukiwa upande wa pili wa bonde.

Kwa upande mwingine, ushahidi dhidi ya maadui wengine wa nyuki ni mzito zaidi. Miongoni mwao ni utitiri aina ya varroa pamoja na virusi anavyosambaza, magonjwa, upungufu wa maua na viuadudu. Kutokana na hatari kwa nyuki, Umoja wa Ulaya uliwekea vikwazo viuadudu vitatu vya kundi la neonikotinoidi mwaka 2013, na mwaka 2018 ukapiga marufuku matumizi yake mashambani nje ya vibanda vya kuoteshea mimea.

Afrika Mashariki nayo haikusalimika. Utitiri huo ulibainika Kenya na Tanzania mwaka 2009, ingawa utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu Kenya ulionyesha kuwa nyuki wa huko wanaonekana kuuhimili. Aidha, nyuki wa Kiafrika wana desturi ya kuhama kufuata maua na maji au wanaposumbuliwa, hivyo mzinga mtupu si lazima uwe dalili ya vifo.

Hatari ya kuulaumu mnara bila uchunguzi ni kwamba anayepulizia dawa shamba la jirani mchana, wakati maua yamechanua na nyuki wako kazini, ataendelea kufanya hivyo bila kuulizwa. Mfugaji anayekuta nyuki wake wametoweka atafaidika zaidi akianza kukagua masega, majana na mashamba yaliyomzunguka, na kumwita ofisa nyuki wa wilaya yake, kabla ya kuinua macho kuutazama mnara.