Mgogoni (Pemba): ndege na makazi yao

Mgogoni ni eneo la kaskazini mwa Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, katika nchi ya vilima vifupi, mabonde ya mpunga na mashamba ya mikarafuu. Upande wa magharibi udongo ni mzito na mvua ni nyingi. Kuelekea mashariki, upande wa Micheweni, udongo hupungua na kuwa maweni, nchi ya mawe ya matumbawe yenye vichaka. Pwani zote mbili zina ghuba zilizoota mikoko, na maji yakipwa hubaki tope na mchanga kwa mwendo mrefu. Ndege wa sehemu hii ni wa makundi mawili yasiyofanana: wasioondoka kisiwani kamwe, na wanaofika kila mwaka kutoka nusu ya pili ya dunia.

Kundi la kwanza limetokana na kina cha bahari. Enzi ya barafu, maji yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa, kwa kuwa mkondo unaoitenga na Tanga una kina cha mamia ya mita. Utengano huo mrefu umezaa aina nne za ndege wasiopatikana penginepo duniani: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba. Ninga na bundi walielezwa kisayansi na R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni, bundi mwaka 1937 na ninga mwaka 1940.

Msitu wa Ngezi, ng'ambo ya Konde, ndio makazi yao mashuhuri. Umehifadhiwa tangu miaka ya 1950, na humo huota mpapindi, mnazi mwitu wa Pemba ambao karibu jamaa zake wote wako Madagaska na Komoro. Hata hivyo ni kosa kudhani kwamba ndege hawa ni wa Ngezi tu. Chozi na kinengenenge huonekana kwenye viambo, juu ya maua ya bustani na kando ya njia. Bundi huishi pia katika mikarafuu mikongwe, na usiku husikika akilia sauti moja moja. Ninga ndiye mwenye shida zaidi, kwani anahitaji miti mikubwa yenye matunda; yeye na bundi wamo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kwa hiyo mwenye shamba anayeacha mkuyu wake usimame analinda ndege wa Pemba sawasawa na mlinzi wa msitu.

Kundi la pili halizungumzwi vya kutosha. Kuanzia Agosti na Septemba, vitwitwi huanza kushuka pwani. Mmoja wao, Charadrius leschenaultii, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene mweusi, huzaliana katika nyanda kame za Asia ya Kati, kuanzia Turkmenistan na Kazakhstan hadi Mongolia. Jike hutaga mayai matatu kwa kawaida, katika kijishimo kwenye ardhi tupu, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 150. Kule hula mende na wadudu wengine wa jangwani; huku hula kaa wadogo na minyoo ya topeni. Kutoka jangwa la Karakum hadi Pemba ni takriban kilomita 5,000 au zaidi. Huondoka mnamo Aprili, kusi ikianza, ingawa baadhi ya ndege wachanga hubaki pwani hadi msimu unaofuata. Keremkerem mwenye mashavu ya buluu naye huja kutoka nchi hizo hizo za mchanga, ambako huchimba tundu lake la kutagia ardhini, na huku hukaa juu ya nyaya na matawi makavu akivizia nyuki na kerengende. Mla kaa, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mzito, hutoka karibu zaidi: huzaliana Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu.

Kitwitwi hutafuta chakula maji yakipwa, na maji yakijaa hulazimika kupumzika juu ya mchanga uliobaki mkavu au kingo za mashamba ya chumvi. Wakati wa bamvua nafasi hiyo huwa ndogo sana. Akifukuzwa mara kwa mara, mafuta ya safari hayamkai mwilini. Ukataji wa mikoko kwa kuni na kwa kuchomea chokaa humdhuru kwa njia nyingine, kwani mizizi ndiyo inayoshika tope lenye chakula chake. Sheria ya misitu ya Zanzibar ya mwaka 1996 inalinda mikoko pamoja na misitu ya nchi kavu, lakini tope lenyewe, ambalo halina mti, watu wengi bado huliona kuwa mahali patupu.

Anayetaka kuwaona ndege hawa aende pwani kati ya Oktoba na Machi, maji yakianza kujaa, akae mbali na asiachie mbwa huru.