Mkono wa mama na historia ya bendeji

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki tatu, samahanini wasomaji. Mama aliungua mkono kwa mafuta ya maandazi, kuanzia kiwiko hadi karibu na kiganja, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka kusafishwa kidonda. Siku ya kwanza nesi alipoanza kubandua shashi iliyogandamana na nyama, mama hakusema kitu. Alinishika bega tu, akalifinya. Nesi akamwambia: "Vumilia mama, kidonda lazima kikauke."

Lazima? Mwandishi wa habari akisikia neno hilo halali. Nikaanza kusoma historia ya hivi vitambaa tunavyofungia vidonda, na nikagundua kwamba watu wamehangaika na kilio cha mama yangu kwa maelfu ya miaka.

Wamisri wa kale waliacha maandishi ya tiba, yanayokadiriwa kuwa ya mwaka 1600 hivi kabla ya Kristo, yanayoelekeza kidonda kifungwe kwa asali, mafuta na nyuzi. Asali na mafuta! Tayari walikuwa na kitu laini kati ya nyuzi na nyama. Ukiruka hadi Ulaya ya karne ya 19, unakuta hospitali zinafungia vidonda nyuzi zilizochambuliwa kutoka mashuka chakavu. Joseph Lister, daktari wa upasuaji kule Glasgow, alipochapisha mwaka 1867 matokeo yake ya kutumia asidi ya kaboli kuua vijidudu, ndipo wengi walipoanza kukubali kwamba kitambaa chenyewe kinaweza kuwa muuaji.

Sawa, kitambaa kiwe safi. Lakini kinywe vipi majimaji? Hapa anaingia Joseph Sampson Gamgee, daktari wa Birmingham. Pamba mbichi ina nta ya asili, ukiitupa majini inaelea. Ukiiondolea nta hiyo, inakunywa maji kama mtu aliyetoka jua la saa saba. Mwaka 1880 Gamgee aliichukua pamba ya namna hiyo akaitandaza katikati ya matabaka mawili ya shashi. Shashi inazuia nyuzi za pamba zisiingie kwenye kidonda, pamba inakunywa, na kwa kuwa kitu kizima ni laini kama kigodoro, kinafuata umbo la mguu au mkono. Wazo rahisi kabisa, na bado linatumika mpaka leo.

Kisha ikaja vita ya 1914. Majeruhi walikuwa wengi kupita kiasi, na pamba ilitakiwa pia kutengenezea baruti. Waingereza wakageukia majani madogo ya kuvumwani yanayoota kwenye madimbwi ya Scotland, yanayoitwa sfagnamu. Seli zake nyingi ni tupu, kama vichupa vilivyo wazi, hivyo yakikauka yanaweza kunywa maji yenye uzito wa takriban mara 20 ya uzito wake. Watu wa kawaida, wanawake na watoto wakiwemo, waliyaokota, wakayasafisha na kuyashonea kwenye vifuko. Kufikia 1918 Uingereza ilikuwa ikitoa vifuko kama milioni moja kwa mwezi. Wakati huohuo Ufaransa, Auguste Lumière, yule yule wa ndugu wawili waliotuletea sinema, alitengeneza wavu wa kitambaa uliopakwa mafuta ya parafini ili usigande kwenye kidonda. Sinema tunaikumbuka. Wavu umesahaulika, ingawa wazao wake wanafungia watu walioungua hadi leo.

Plasta ile ya dukani nayo ilizaliwa jikoni. Mwaka 1920, Earle Dickson, mnunuzi wa pamba wa kampuni ya Johnson & Johnson huko New Jersey, Marekani, alikuwa na mke, Josephine, aliyekuwa akijikata vidole mara kwa mara akipika. Bendeji za wakati ule zilikuwa kubwa na zilimtoka kidoleni akirudi kwenye sufuria. Dickson akabandika vipande vya shashi kwenye utepe wa gundi, ili mkewe akate mwenyewe kipande na kujifunga. Kidole kiweze kukunjika, kazi iendelee. Ndiyo maana nasema bendeji nzuri ni ile unayoweza kuisahau.

Lakini aliyejibu lile neno "lazima" ni George Winter. Mwaka 1962, katika jarida la Nature, alieleza alivyofanya majeraha ya juujuu kwenye ngozi za nguruwe wadogo. Mengine aliyaacha yapigwe na upepo, mengine akayafunika kwa plastiki nyembamba. Yale yaliyofunikwa yalipata ngozi mpya kwa kasi ya takriban mara mbili. Sababu yake inaeleweka: seli mpya husogea kwa kutambaa juu ya unyevu. Kidonda kikikauka na kufanya kigaga, inabidi zichimbe njia chini ya kigaga hicho. Mwaka uliofuata watafiti wengine, Hinman na Maibach, waliona jambo hilo hilo kwa binadamu.

Tangu hapo kazi ya wabunifu ikabadilika. Maji yakizidi, ngozi ya pembeni inalainika na kukunjamana kama vidole vya dobi. Yakipungua, kitambaa kinaganda. Kwa hiyo zikaja sponji laini za poliyurithani zinazonywa ziada na kukunjika pamoja na kiwiko, na nyuzi za alijineti kutoka mwani wa kahawia. Hizi zina kalsiamu, ambayo ikikutana na sodiamu ya majimaji ya kidonda hubadilishana nayo, na nyuzi zinakuwa kama uji mzito usioshika nyama.

Simlaumu yule nesi. Alikuwa na shashi na foleni ndefu, na vitu hivyo vingine vina bei. Wala sisemi ukafunike kila kidonda kwa nailoni nyumbani. Chenye usaha kinataka macho ya daktari. Ila safari ya pili niliuliza kwa adabu kama shashi inaweza kulowanishwa kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali, na kama kuna ile yenye mafuta. Ya mafuta ilipatikana duka la dawa la jirani. Safari ya tatu ilibanduka yenyewe, na mama akaendelea na hadithi yake ya harusi ya binamu bila kukatiza sentensi.

Miaka yote tumefundishwa kwamba maumivu ya kusafishwa kidonda ni kipimo cha uvumilivu. Nadhani mara nyingi yalikuwa tu kipimo cha kitambaa. Wewe je, nyumbani kwenu mliambiwa nini kuhusu kidonda na upepo? Niandikie hapo chini.