Paka Walipoondoka

Ukimwuliza mkulima ye yote adui wa ghala lake ni nani, atakujibu mara moja kwamba ni panya. Lakini huenda asifikiri kwamba kiumbe huyo mdogo aweza pia kuwa adui wa uhai wake. Nisikilize basi, msomaji, nikusimulie habari za San Joaquín, mji mdogo katika jimbo la Beni, kaskazini ya Bolivia, Amerika ya Kusini.

Beni ni nchi ya mbuga tambarare. Kwa miaka mingi wenyeji walichunga ng'ombe wa matajiri, na nyama ilikuwa chakula chao kikubwa. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1952 utaratibu huo ulivunjika, ikawalazimu watu kujilimia mahindi na vyakula vingine. Mashamba hayo mapya yaliwavuta panya wa mbugani, ambao wataalamu huwaita Calomys, nao wakasogea kidogo kidogo mpaka majumbani.

Tangu mwaka 1959 maradhi mageni yalianza kuonekana katika jimbo hilo. Mtu alishikwa na homa, kichwa na maungo yakamwuma. Kisha ulimi na mikono ikatetemeka, na damu ikamtoka puani na katika ufizi. Kati ya 1962 na 1964 maradhi hayo yaliua watu zaidi ya mia moja katika San Joaquín na viunga vyake. Fikiri jinsi msiba huo ulivyokuwa katika mji ambao kila mtu amjua mwenzake!

Mwaka 1963 madaktari Karl Johnson na Ronald MacKenzie, kutoka kituo cha utafiti cha Marekani kilichokuwa Panama, walikuwa wakifanya kazi huko pamoja na Merl Kuns, mtaalamu wa wanyama. Johnson na MacKenzie waliugua maradhi yale yale, wakaponea chupuchupu, lakini hawakuiacha kazi. Mwaka huo huo kirusi kilipatikana katika wengu wa marehemu mmoja, kikapewa jina la mto Machupo ulio jirani.

Likabaki swali moja: kirusi hicho kilimfikiaje mtu? Wadudu wamwumao mtu walichunguzwa, wasionekane kuwa na hatia. Mwisho ikajulikana kwamba mwenyeji wake ni yule panya wa mbugani. Panya hukichukua mwilini siku nyingi bila kuonekana mgonjwa, akakitoa katika mkojo wake. Mkojo huanguka juu ya chakula, au hukauka ukachanganyika na vumbi. Mtu akila chakula hicho, au akivuta vumbi hilo, huambukizwa.

Lakini kwa nini panya walijaa mjini bila kizuizi? Wenyeji walikuwa wamekwisha kuona kwamba paka wao wengi wamekufa. Watu wengi waliishuku dawa ya DDT, iliyopulizwa nyumbani ili kuwaua mbu wa malaria. Paka akiondoka, panya hutawala.

Katika mwaka 1964 mitego ilitegwa nyumba kwa nyumba. Panya walipokwisha kupungua, maradhi nayo yakakoma, wala haikuwa kwa sindano au kidonge.

Usiwacheke watu wa San Joaquín, msomaji, wala usiwalaumu. Kulima ni jambo jema, na kuua mbu ni jambo jema. Lakini kila tendo la mwanadamu huwagusa viumbe wengine wanaoishi naye, na asiyewaangalia hupatwa na asilolitazamia.

Wala usidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Homa ya Lassa, iliyojulikana mwaka 1969 huko Nigeria, huenezwa na panya wa jamii inayopatikana hata Afrika ya Mashariki. Homa yenyewe si ya kwetu; lakini huko Morogoro, Tanzania, kirusi cha ukoo huo kimeonekana katika panya wa mashambani, ingawa hakijajulikana kumdhuru mtu.

Kwa hiyo urudipo nyumbani, litazame ghala. Nafaka na iinuliwe juu ya sakafu, chakula kifunikwe, na matundu yazibwe. Ukiona mavi ya panya, usiyafagie yakiwa makavu. Yalowanishe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, kisha uyafute. Na paka wa nyumbani, mtunze.