Herufi Iliyodanganya Dumila

Yako makosa yanayopiga kelele, na yako yanayokaa kimya hadi yamdhuru mtu. Juma hili naeleza la aina ya pili, nililolifanya mwenyewe huko Dumila, wilayani Kilosa, pale njia ya kwenda Kilosa inapoachana na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma.

Nilialikwa kuzungumza na wanakijiji juu ya maji ya kunywa. Maji ni jambo linalowagusa; hawajasahau mafuriko ya Januari 2014 yaliyoikata barabara kuu hapo hapo. Nyumbani nilikuwa nimechora kwa kompyuta grafu ya viwango ambavyo sumu katika maji haipaswi kuvizidi, kama vilivyowekwa na Shirika la Afya Duniani: kadimiamu mikrogramu 3 kwa lita, risasi 10, aseniki 10. Kwenye kioo cha kompyuta grafu ilikuwa sawa. Nikaichapisha Dumila katika duka la kutoa kopi, nikaigawa bila kuitazama mara ya pili.

Mzee mmoja akainua mkono. "Mwalimu, hapa umeandika miligramu 10 za risasi, na mdomoni unasema mikrogramu. Tushike lipi?"

Nikaitazama karatasi. Ile herufi ya Kigiriki, mu, inayosimama badala ya neno mikro, ilikuwa imegeuka m ya kawaida. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Karatasi yangu iliwaambia watu kwamba maji yenye risasi mara 1,000 ya kiwango ni salama.

"Mzee wangu," nikasema, "shika la mdomoni. Karatasi imekosea."

Kosa hili lina historia. Kompyuta haihifadhi umbo la herufi, huhifadhi namba yake tu. Umbo hutoka kwenye fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha ya namba hizo iitwayo ASCII, yenye nafasi 128. Kiingereza kilitosha humo. Kigiriki hakikupata kiti. Kwa kuwa wanasayansi walizihitaji herufi hizo, mafundi wakatumia ujanja. Fonti iitwayo Symbol, iliyoenea pamoja na printa za PostScript kuanzia 1985, iliikalisha mu kwenye kiti cha m, na alfa kwenye kiti cha a. Programu za kuchora grafu, kama gnuplot iliyotoka 1986, ziliitumia. Fonti hiyo ikiwepo, mambo huenda sawa. Ikikosekana, mashine huchukua fonti nyingine, na namba ile ile husomeka m.

Herufi moja kufanya kazi mbili si jambo geni kwetu. Kwa karne nyingi Kiswahili cha pwani kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazina p, na wengi waliitumia be kwa b na kwa p pia. Msomaji alitambua neno kutokana na maneno yaliyolizunguka. Lakini "10 mg" haina jirani wa kuisahihisha.

Mwaka 1991 ilitoka Unicode, orodha inayoipa kila herufi namba yake peke yake. Kwa mpango huo, fonti inayofaa ikikosekana, mara nyingi hutokea kisanduku kitupu. Watu hukichukia, mimi sasa nakiheshimu. Kisanduku hukiri kwamba hakijui. Ile m ya uongo hujidai inajua.

Kwa hiyo, wewe unayechora grafu, tumia mu ya Unicode, na pachika fonti ndani ya faili kabla halijaenda kwa mwingine. Kisha soma karatasi yenyewe, si kioo. Panapohusika sumu au dawa, andika neno zima: mikrogramu.

Siku ile nilizikusanya karatasi, zikapungua mbili. Mwenyekiti wa kitongoji akanisindikiza nyumba kwa nyumba hadi tukazipata. Moja ilikuwa imekunjwa mfukoni. Ya pili mama mmoja alikuwa ameshaibandika ukutani, juu ya mtungi wa maji.

Hadi juma lijalo.